Bei ya trekta lisilowaka ipigiwe hesabu, isikisiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowagusa wakulima wengi wa Moshi, Hai, Siha, Arumeru na Monduli, nalo ni namna tunavyopatana bei ya trekta la zamani lisilowaka. Ukishuka kutoka Moshi mjini kwenda Mabogini na Arusha Chini, au ukipanda kutoka Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu na Ngarenairobi, hutakosa kuliona moja limeegeshwa nyuma ya banda la ng'ombe, matairi yamekaa chini na nyasi zimepanda hadi kwenye usukani. Mengi ni Massey Ferguson 35 na 135. Machache ni Ford 5000, Fordson na David Brown, na hapa na pale utaikuta Valmet ya Finland, miongoni mwa zile zilizounganishwa Kibaha miaka ya 1980. Kila moja lina mwenyewe, na karibu kila moja lina mtu anayelimezea mate. Wakikutana, mwenye mali anataja bei yake, mnunuzi anataja yake, na hakuna kati yao anayeweza kueleza ameitoa wapi.

Bei ya mnunuzi mara nyingi imetoka kwenye mizani ya chuma chakavu. Massey Ferguson 35 au 135 lina uzito wa karibu tani moja na nusu, kwa hiyo mnunuzi anazidisha kilo kwa bei ya skrepa ya wiki hiyo, anaongeza kidogo ili asionekane mnyonyaji, kazi imekwisha. Bei ya mwenye mali imetoka kwenye heshima ya mzee aliyelinunua: ni trekta lililolima bonde zima, lililosomesha watoto, lililobeba mawe ya kujengea kanisa. Historia hiyo naiheshimu, lakini hailimi. Siku hizi kipo na chanzo cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ni kibaya kuliko hivyo viwili. Kijana wa nyumbani anapekua kwenye simu, anakuta trekta kama la babu yake likiuzwa Uingereza kwa maelfu ya pauni, anageuza pauni kuwa shilingi, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeweza kuzungumza naye.

Nianze na hiyo ya Uingereza kwa kuwa ndiyo rahisi kuiondoa. Kule wapo watu wanaonunua trekta la kale kwa ajili ya kulitunza, kulipeleka kwenye maonyesho na kupita nalo barabarani siku za mapumziko. Mnunuzi wa namna hiyo analipia uhaba, rangi ya asili, na kila kipande kuwa kilekile kilichotoka kiwandani. Hata kwake yeye umri peke yake hautoshi. Ferguson TE20, lile dogo la kijivu, lilitengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, nayo yakatoka zaidi ya 500,000. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi huo hakiwi adimu kwa sababu tu kimezeeka, ijapokuwa ni matrekta ya aina hiyohiyo yaliyomfikisha Edmund Hillary kwenye Ncha ya Kusini Januari 1958. Huku kwetu mnunuzi wa maonyesho hayupo. Anayekuja na pesa mkononi anataka kulima, kuvuta tela la majani ya ng'ombe, au kuzungusha mashine ya kupukuchua mahindi kwa shafti ya nyuma. Bei itoke kwenye kazi hiyo.

Kwa hiyo napendekeza tuhesabu kwa kurudi nyuma. Tuanze na bei ya trekta la aina ileile linalowaka na kufanya kazi, tena bei iliyolipwa kweli katika eneo letu, kwani bei inayotangazwa na dalali ni jambo jingine. Hapo tuondoe gharama zote za kulifikisha hili lililolala kwenye hali ya lile. Kisha tuondoe fungu la mashaka, kwa sababu hakuna fundi anayeona ndani ya chuma. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu ambacho mnunuzi mwenye akili anaweza kulipa. Kiwango cha chini ni kile ambacho mwenye mali angekipata kwa kulikata na kuuza vipande, kwa maana rejeta, rimu, gia boksi na difu nzima huuzwa kwa bei yake kila kimoja, na mabaki tu ndiyo yaende kwenye mizani. Mazungumzo yote ya haki yamo kati ya viwango hivyo viwili.

Nitoe mfano, na ninasisitiza kwamba tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke za siku yake na za mahali pake. Tuseme 135 linalowaka, lenye klachi na haidroliki nzima, linapatikana kwa shilingi milioni 15. Hili lililolala linahitaji injini kufunguliwa, yaani laina (bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni, ringi, beringi, seti ya gasketi, kuchonga krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na ujira wa fundi, na yote hayo yanafika milioni 3. Pampu ya dizeli na nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, zinataka milioni 1, matairi mawili ya nyuma milioni 2.5, betri na stata laki 7, klachi laki 6, na lori la kulihamisha laki 5. Jumla ya matengenezo ni milioni 8.3. Fungu la mashaka nikilipima kwa robo ya gharama hizo ni kama milioni 2.1. Ukitoa vyote hivyo kwenye milioni 15 unabaki na milioni 4.6, na mnunuzi ambaye pesa yake italala miezi kadhaa bila kuzaa ana haki ya kushuka hadi milioni 4 au chini yake kidogo. Mizani, hata ikilipa shilingi 1,000 kwa kilo, ingetoa milioni 1.5. Ona basi jinsi mwenye mali aliyemkimbilia mtu wa skrepa anavyopoteza, na jinsi yule anayeng'ang'ania milioni 12 anavyomtaka mwenzake anunue hasara.

Hesabu hiyo inaonekana nyepesi, lakini yote imesimama juu ya jibu la swali moja ambalo watu hawaliulizi ipasavyo: je, trekta hili lilizimwa likaachwa, au lilikufa likiwa kazini? Injini iliyozimwa ikiwa nzima, kwa sababu klachi iliisha au pampu iligoma au mwenyewe alikosa pesa ya matairi, kisha ikakaa mpaka pistoni zikashikana na kutu, ni tatizo la aina moja. Injini iliyonoki katikati ya shamba, kwa sababu maji yalikwisha kwenye rejeta au oili ilishuka na dereva akaendelea kukanyaga, ni tatizo la aina nyingine kabisa. Zote mbili hazizunguki ukizijaribu, na mtu asiye fundi ataziita kwa jina moja, kwamba injini imekufa. Ya kwanza pengine italegea kwa kulowekwa mchanganyiko wa dizeli na oili kwa wiki kadhaa, na ikikataa, laina na pistoni zitamaliza kazi. Ya pili inaweza kuwa imeharibu krenki, imepinda mkono wa pistoni au imepasua bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, na bloku iliyopasuka hubadilisha bei yote. Katika nchi za baridi bloku hupasuka kwa maji kuganda ndani yake wakati wa kipupwe. Kwetu tatizo hilo hatuna. Zetu zinapasuka kwa dereva kumwaga ndoo ya maji ya mfereji kwenye injini iliyochemka. Kwa hiyo tutazame kando ya bloku na chini ya silinda hedi, tukitafuta mstari wa kutu au alama ya kulehemu iliyofunikwa na rangi.

Anayejua jibu la swali hilo mara nyingi si mrithi anayeuza. Ni dereva. Trekta huwa na mwenyewe na huwa na dereva wake, na dereva anakumbuka siku ya mwisho lilipofanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka jana nilimsindikiza jirani yangu kwenda kuangalia 135 upande wa Weruweru. Mwenye mali, kijana mwenye adabu anayeishi mjini, alituambia injini ni nzima, inahitaji betri tu. Fundi tuliyekwenda naye hakubisha. Aliweka sufuria kuukuu chini ya injini, akalegeza nati ya kumwagia oili nusu mzunguko, akakaa chini kungoja. Yalianza kutoka maji, uzi mwembamba wa rangi ya chai ya rangi, yakaendelea kwa muda, ndipo oili nyeusi ikafuata. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hukaa chini na hutoka kwanza. Akaichukua oili kidogo akaisugua kati ya vidole akiielekeza juani, akitafuta chembe zinazong'aa. Hazikuwamo. Baada ya hapo alifungua nozeli zote tatu, akaingiza katika kila tundu waya aliofunga kitambaa nchani. Kwenye silinda mbili kitambaa kilitoka cheusi. Kwenye moja kilitoka chekundu kwa kutu.

Tulipoinua macho tukaona sababu. Bomba la moshi la trekta hilo limesimama wima, na juu yake mtu aliwahi kufunika kopo la maziwa ya unga, lakini kopo lilikuwa limeoza na kutoboka. Injini ikisimama, huwa kuna silinda ambayo valvu yake ya moshi imebaki wazi, na mvua inayoingia kwenye bomba inateremka moja kwa moja hadi juu ya pistoni. Masika chache zinatosha. Wakati tunazungumza hayo, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye gogo kando ya banda, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu, alisema trekta lile alilileta mwenyewe pale kutoka shambani likiwaka, klachi ikiteleza, na maji ya rejeta aliyamwaga kwa mkono wake. Maneno yake pamoja na kitambaa chekundu na oili isiyo na chembe vilitosha kutuambia kwamba tunaangalia injini iliyozimwa, ikaingia maji, ikashika kwenye silinda moja. Jirani yangu alilipa bei ya injini inayohitaji laina na pistoni, kwa sababu laina iliyokwisha kuliwa na kutu itavuta oili na kutoa moshi hata kama injini italegea. Hakulipa bei ya betri. Wala hakudai bei ya injini iliyonoki. Mwenye mali aliona kila kitu kwa macho yake na hakulalamika.

Kwa anayetaka kujua tu kama injini inazunguka, hakuna haja ya kulivuta trekta kwa trekta lingine, jambo ambalo limevunja injini nyingi. Fungua nozeli ili upepo usibanwe ndani ya silinda, shika nati ya puli ya krenki kwa spana ndefu, sukuma taratibu huku na huku. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu, mwenye mali ana haki ya kudai bei iongezwe, maana fungu la mashaka limepungua. Ikikataa, bei ishuke bila maneno mengi. Muuzaji anayekataa spana isiguse nati hiyo amekwisha kuitoa habari aliyokuwa anaificha.

Sehemu nyingine nazipitia haraka. Pampu ya dizeli iliyokaa miaka na mafuta ndani yake huganda, na hata ikionekana safi nje ihesabiwe kuwa inahitaji kufunguliwa na kupimwa kwenye mashine ya pampu. Stata na dainamo hazina maana kubwa. Rejeta itazamwe kwa kuwa huibwa au huuzwa kabla ya trekta. Jambo linalosahaulika ni gia boksi na difu. Kwenye 35 na 135 oili ya gia na ya haidroliki ni moja, iko kwenye hausingi moja, na pampu ya haidroliki imezama humo ndani. Raba ya mkono wa gia ikichanika, mvua inaingia na kuteremka hadi chini, na mtu aliyefurahia injini nzima anajikuta analo trekta lisiloinua jembe. Nati ya chini ya hausingi hiyo nayo ilegezwe kama ile ya injini. Matairi ya nyuma ni pesa nyingi kuliko watu wanavyodhani, na yaliyokaa juani bila upepo yamepasuka hata kama meno yake bado marefu. Rimu ya tairi lililokuwa limejazwa maji kwa ajili ya uzito huoza kuzunguka tundu la valvu, kwa hiyo ipapaswe hapo.

Aina ya trekta nayo ina uzito wake katika bei, na hapa umri unadanganya. Chukua Massey Ferguson 35. Matrekta ya mwanzo ya dizeli yalikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, maarufu kwa kugoma kuwaka asubuhi ya baridi. Mwishoni mwa 1959 kiwanda kikaanza kuweka Perkins ya silinda tatu, na hadi leo hiyo ndiyo inayotafutwa. Kuzitofautisha hakuhitaji utaalamu, kwa sababu ukifungua boneti unahesabu nozeli. Mtu anayelima Ngarenairobi au Monduli Juu, ambako Julai asubuhi mikono inauma, asilipe bei moja kwa zote mbili. Perkins hiyo ya silinda tatu, kwa namna zake mbalimbali, iliendelea kwenye 135 na baadaye kwenye 240, na matrekta ya ukoo huo yametengenezwa India na Pakistani kwa miaka mingi, ndiyo sababu laina, pistoni na gasketi zake zinapatikana kwenye maduka ya spea ya Arusha na Moshi. Ford 5000 ni chuma imara, lakini injini yake haikutoka kiwandani na laina. Silinda zimetobolewa kwenye bloku yenyewe, hivyo ikiliwa na kutu inabidi bloku ipelekwe kuchongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi, au itiwe laina. Gharama hiyo ipande kwenye hesabu. Valmet ni trekta zuri na nililipenda, ila kwa lisilowaka fungu la mashaka lisiwe robo. Liwe nusu, kwa sababu ya muda utakaotumika kutafuta spea.

Sasa nifike kwenye karatasi, ambako nadhani pesa nyingi zaidi hupotea kuliko kwenye injini. Matrekta mengi ya kale ya huku yamepita mikono mingi. Mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro yalitaifishwa 1973 na mengi yakakabidhiwa ushirika. Ushirika wenyewe ukavunjwa 1976 na mali zikagawanywa kwingine. Sheria ya 1982 ikaurudisha, na baadhi ya mali zikarudi, nyingine hazikurudi. Trekta lililokuwapo wakati wote huo linaweza kuwa na watu watatu wanaoamini kwa dhati kwamba ni lao. La chama cha msingi cha ushirika haliuzwi kwa neno la mwenyekiti na katibu peke yao. Uamuzi wa wanachama uandikwe kwenye muhtasari, na ofisi ya Mrajis wa vyama vya ushirika ijue. La marehemu liuzwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa ndiye anayelala nalo uani. La taasisi ya serikali lina utaratibu wake wa mnada. Na kadi ya usajili ikiwapo, namba iliyoandikwa ndani yake ilinganishwe na ile ya kibati kwenye dashibodi, na namba ya injini isomwe kwenye bloku baada ya kusuguliwa kwa brashi ya waya. Kama kadi haipo kabisa, mnunuzi anayetaka kulima shambani kwake tu anaweza kuendelea kwa bei iliyoshuka sana. Anayetaka kulipitisha barabarani au kuliuza tena baadaye afikirie kuacha, kwani trekta lisilo na kadi ni spea zilizofungwa pamoja kwa bolti.

Wakati wa kununua pia una bei yake. Januari na Februari, kila mtu akiwa anatayarisha shamba kabla ya masika, hata trekta lililokufa hupanda thamani machoni pa mwenyewe, wakati mnunuzi wa miezi hiyo hana nafasi ya kulitengeneza likawahi msimu. Juni na Julai ni bora kwa wote wawili. Mafundi wana nafasi, barabara za shambani zimekauka kiasi cha lori kufika bila kukwama, na mnunuzi anayo miezi ya kutosha mbele yake. Gharama ya kulihamisha ihesabiwe kabla ya kupeana mikono, kwa sababu trekta ambalo breki zimeshika na gurudumu halizunguki linataka winchi, na winchi kupanda hadi juu ya Sanya Juu haiji kwa nauli ya kawaida.

Kwa mwenye mali nina maneno machache, maana barua hii isionekane imeandikwa na mnunuzi. Usikubali fundi yeyote aondoe pampu au nozeli "akazipime" kabla ya kuuza, kwani trekta lililopungukiwa vitu hivyo hushuka bei kuliko thamani ya vitu vyenyewe. Mnunuzi akiona kimoja kimetoka anaamini vimetoka na vingine asivyoviona. Injini iliyofunguliwa na kuwekwa kwenye magunia ni mbaya kuliko iliyoshika. Usipake rangi mpya. Rangi nyekundu juu ya kutu humfanya mnunuzi mwenye uzoefu aanze kutafuta inachoficha, na pesa ya rangi hairudi. Kusanya vitu vyake mahali pamoja: jembe la diski, haro, mkono wa juu wa kufungia jembe, pini, kitabu cha maelekezo kama kipo, na risiti za matengenezo ya nyuma. Jembe zima la diski tatu linaweza kuwa na thamani inayokaribia ya trekta lenyewe lililolala, lakini watu hulitupa ndani ya dau kama zawadi bila kulihesabu. Na kama huna mpango wa kuliuza mwaka huu, nunua kopo jipya la kufunika bomba la moshi.

Ninalo ombi moja kwa wahusika. Arusha tuna CAMARTEC, kituo ambacho kazi yake ni zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Tuna vyuo vya VETA Moshi na Arusha vinavyofundisha ufundi wa magari na mitambo. Na halmashauri zetu zina maofisa kilimo wanaoyajua matrekta ya kata zao kwa sura. Ingefaa mmoja wao aandae fomu ya ukurasa mmoja ya kukagua trekta lisilowaka, yenye nafasi ya kuandika kama krenki inazunguka, oili imetoka na nini, nozeli ni ngapi, namba ya kibati, aliyeliendesha mwisho amesema nini, na makadirio ya kila tengenezo. Mkaguzi alipwe ada inayojulikana. Ada hiyo ilipwe na mnunuzi, na biashara ikifanyika nusu ya ada hiyo ikatwe kwenye bei, ili muuzaji naye awe na sehemu yake katika ukweli ulioandikwa humo. Asaini mkaguzi, wasaini na hao wawili, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji pamoja na hati ya mauziano.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima na fundi mstaafu wa karakana,
Moshi